Wingu Lililokata Tiketi

Jana usiku, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto kama kawaida yangu, niliota nimewatoa watu wote uwanjani kwa sababu ya mvua, kisha mvua yenyewe ikaja kupanga foleni.

Kabla sijafika huko niseme kilichotokea mchana wake, maana ndoto yangu haikutoka hewani. Mimi ni Kibwana, mwendeshaji wa Gurudumu. Gurudumu ni ile bembea kubwa ya chuma yenye viti kumi na viwili, inayosimama wima na kuwazungusha watu hewani. Ni mali ya Bwana Pazi, mwenye michezo ya kuhamahama: Gurudumu, farasi wa mbao, vigari vya kugongana na mtumbwi wa kubembea. Mwaka mzima tunazunguka miji. Morogoro, ambako ndiko kwangu, tunafika mara moja tu kwa mwaka, siku tatu za Idi, kisha tunafungua nati na kuondoka.

Mke wangu Mwamvua, ambaye namwita Mama Zena, hajawahi kulipanda. Tuna miaka ishirini na mbili ya ndoa. Mwaka wa kwanza alikuwa na mimba ya Zena. Mwaka wa pili Zena alikuwa analia. Baada ya hapo kukawa na pilau la wageni, msiba wa shangazi, jino, halafu wageni wengine wa pilau. Mwaka huu Zena ameolewa Kilosa, wageni wamekwenda kula kwa watu wengine, na jana, Idi tatu, saa tisa alasiri, nikamwona Mama Zena kwenye foleni yangu. Alikuwa amevaa gauni la Idi na viatu vya kufunga, maana amesikia viatu vya wazi huanguka. Alikuwa wa pili kutoka mbele.

Hapo ndipo wingu likateremka kutoka milima ya Uluguru. Bendera ikatikisika, Bwana Pazi akapuliza kipenga mara tatu, na kipenga mara tatu maana yake tunafunga mapema kwa sababu ya hali ya hewa. Chuma kirefu na radi havikai pamoja. Nikawashusha waliokuwa juu, nikachukua mnyororo, nikaufunga mbele ya mke wangu.

Akanitazama. Akasema, "Haya."

Hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia. Nyumbani alinipakulia chakula, nyama akaniwekea nyingi kama siku zote, na tulipolala aliniambia jambo moja tu: "Na beseni langu nalo ndiyo basi tena." Beseni lake la bluu lilipotea miezi miwili iliyopita. Jirani yetu, Mama Pili, aliliazima kwa shughuli. Yeye anasema alilirudisha, akaliegemeza kwenye ukuta wetu siku ile ya upepo mkali. Mama Zena anasema ukuta hauli mabeseni. Tangu hapo wanasalimiana kwa kidevu.

Asubuhi Gurudumu lilikuwa lifunguliwe, lipakiwe kwenye lori, liende Dodoma. Nikalala na aibu yangu.

Basi, ndoto.

Ni alasiri, jua limetulia, uwanja umejaa. Nimesimama kwenye swichi yangu. Pembeni, Ubao wa Masharti, ule ulioandikwa na Bwana Pazi kwa rangi nyekundu, unakohoa.

"Kibwana," unasema. "Sharti la nne."

Sharti la nne nalijua kwa moyo: hali ya hewa ikiwa mbaya, uwanja utafungwa mapema. Naangalia juu. Mbingu ni safi kama shuka la mgeni.

"Hali ya hewa ni nzuri," nauambia.

"Mbaya iko njiani. Imepata bodaboda pale stendi."

Sikuona cha kubishia. Nikapuliza kipenga mara tatu. Watu wakaanza kutoka bila kununa, jambo ambalo lingetosha kunijulisha kwamba naota, lakini nilikuwa kazini. Farasi wa mbao nao wakashuka kwenye nguzo zao, wakachukua vikapu vyao, wakatoka getini mmoja mmoja. Yule mweupe, ambaye sikio lake nililigundisha mimi mwenyewe mwaka juzi, alisimama kuniuliza kama naelekea Kihonda, mtaani kwangu. Nikamwambia leo nitachelewa. Akasema basi niwasalimie nyumbani.

Bodaboda ikafika. Wingu lilikuwa limekaa upande, kama wanavyokaa kina mama waliovaa gauni, na lilikuwa limevaa helmeti. Lilikuwa wingu la kijivu, zito, lenye adabu. Likamshukuru dereva, likarudisha helmeti, likaja moja kwa moja kwenye foleni ya Gurudumu.

Foleni ilikuwa imebaki na mtu mmoja, mke wangu, na gauni lake, na viatu vyake vya kufunga.

"Shikamoo," akasema Mama Zena.

"Marahaba, mwanangu. Nani wa mwisho hapa?"

"Ni mimi."

"Basi mimi niko nyuma yako."

Nikawaendea na mnyororo.

"Mmefunga?" Wingu likauliza.

"Tumefunga."

"Kwa sababu gani?"

Kuna maswali ambayo ni vigumu kumjibu mtu usoni. Niliutazama Ubao. Ubao ukatazama kwingine.

"Kwa sababu yako," nikasema.

Wingu halikukasirika. Lilisema limeshazoea.

"Kila ninapofika mnafunga," likasema. "Harusi sijaiona zaidi ya watu kukunja mikeka. Mpira niliuona mara moja, refa kaukumbatia anakimbia nao. Hata nguo nazijua zikiwa zinaanuliwa tu. Nasikia huwa zinakaa kwenye kamba kutwa nzima, zinapunga upepo. Ni kweli?"

"Ni kweli," Mama Zena akasema.

"Lazima inapendeza."

"Inategemea nguo za nani."

Wingu likafikiri hilo. Kisha likamuuliza, "Na wewe umefungiwa mara ngapi?"

"Ishirini na mbili, pamoja na jana."

"Jana nilikuwepo. Unisamehe. Na siku uliyozaliwa nilikuwepo pia, ndiyo maana wakakuita Mwamvua. Nilikaa juu ya bati la wakunga tangu asubuhi, nikaambiwa nipishe, mzazi anataka kukausha khanga."

"Wewe huna kosa," Mama Zena akasema, na jicho lake likatua kwangu. "Hukushika mnyororo wewe."

Nikautazama mnyororo. Ulikuwa umejikunja mkononi mwangu kama unataka kulala. Nikauweka chini, taratibu, nisiuamshe.

"Kibwana," Ubao ukasema. "Hapandi mtu asiye na tiketi."

"Tiketi tu?" Wingu likauliza. Likaenda kwenye dirisha la tiketi, likatoa jiwe moja la barafu, lile la mvua ya mawe, likaliweka kwenye mbao. Dirisha likalinusa, likalimumunya, likatoa tiketi. Wingu likaishika kwa mikono miwili. Nimekata tiketi miaka mingi na sijaona mtu akiishika tiketi namna ile.

"Sharti la pili," Ubao ukasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajashindwa bado. "Asiyefika kimo cha mstari haruhusiwi kupanda."

Mstari wenyewe umechorwa kwenye nguzo ya getini, kwa ajili ya watoto. Wingu likasimama kwenye nguzo. Ubao ukaanza kulipima kutoka chini, ukapanda, ukapanda, ukapotelea juu, na baada ya muda tukasikia sauti yake ikitokea karibu na kilele cha Uluguru.

"Kimo kinatosha. Anayefuata."

Mama Zena akasimama. Kimo kikatosha.

"Anayefuata."

"Hakuna mwingine," nikasema.

"Wewe."

"Mimi ndiye mwendeshaji."

"Soma sharti. Limesema asiyefika. Halikusema asiyefika isipokuwa Kibwana."

Nikalisoma. Kweli halikusema. Nikaegemea nguzo, nikanyoosha shingo, na nilipogeuka kuuona mstari, nguzo ilikuwa fremu ya mlango wa sebule ya baba mkwe wangu, marehemu Mzee Mkude, kule Matombo, siku ya posa.

Hapa inanibidi nieleze. Kwetu mwenye kuoa hasemi neno kwenye posa. Anayesema ni mshenga, na mwenye kuoa, akiwepo, anakaa barazani na viatu vya wazee kama vile ameajiriwa kuvilinda. Nilikuwa nimekaa hivyo. Lakini Mzee Mkude alipouliza kijana anafanya kazi gani, na mshenga wangu akaanza kusema "yuko kwenye mambo ya mashine," uzalendo ukanishinda, nikadakia kutoka mlangoni: "Naendesha Gurudumu, mzee, na binti yako nitampandisha mpaka juu kabisa." Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Mshenga hakunisemesha njia nzima ya kurudi. Posa ikapita. Baadaye Mama Zena aliniambia alikuwa nyuma ya pazia na alisikia kila neno. Hajawahi kunikumbusha ahadi ile hata mara moja, na hapo ndipo pabaya.

Sasa Mzee Mkude ananiwekea msahafu kichwani, hapana, si msahafu, ni daftari la shule la Zena, analiweka kichwani mwangu na kuchora mstari kwenye fremu kwa kipande cha mkaa.

"Umepungua kidole kimoja," anasema.

"Baba, siku ile nilifika."

"Siku ile ulisimama juu ya maneno yako. Yamedidimia."

Naangalia chini ya miguu yangu. Kweli kuna kitu kilichobonyea pale, kama godoro la zamani. Mzee Mkude hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anakoroga kahawa yake, kofia imekaa upande, na nilifurahi kumwona. Nilimwambia hivyo. Akasema na yeye amefurahi, ila nimeacha foleni ikinisubiri.

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Waulize waliosikia."

Nikaligeukia pazia. Ni lile lile la maua ya zambarau.

"Mpandishe," pazia likasema.

Nilipoinua mguu kutoka sebuleni niliukanyaga udongo wa uwanja. Mama Zena alikuwa ameshakaa kiti namba moja, mkoba mapajani, chuma cha usalama kimefungwa. Nikabonyeza swichi. Gurudumu halikutikisika. Nikabonyeza tena.

"Kiti cha saba yuko nani?" Gurudumu likauliza.

Lina sauti nene ya grisi, na sikuwahi kuisikia, ila niliitambua mara moja.

Watu wanadhani kazi yangu ni kubonyeza swichi. Kazi yangu ni mizani. Ukimpakia mtu kiti cha kwanza, lazima umpakie wa uzito wake kiti cha saba, ambacho kinakitazama kutoka upande wa pili, vinginevyo chuma kinalalia upande mmoja na mota inaungua. Miaka yote hii nimekuwa nikiwatazama watu foleni na kuwapima kwa macho. Nimewatenganisha wachumba kwa ajili ya mizani. Nimemkalisha imamu na muuza ndizi. Siku wateja wakiwa wachache huwa naweka magunia ya mchanga, lakini kwenye ndoto magunia yalikuwa yameshatoka na farasi.

"Hakuna mtu," nikaliambia Gurudumu. "Wote wamekwenda kwao."

"Basi na mimi sizunguki."

 Mama Zena alianza kuufungua mkoba na kuufunga. Nilijua kinachofuata ni "Haya," na nilijua kwamba nikiisikia tena sitaweza kula nyumbani kwangu.

"Mimi nina tiketi," Wingu likasema nyuma yangu.

"Haiwezekani," Ubao ukasema. "Sharti la nne. Huyu ndiye hali ya hewa mbaya."

Sijawahi kubishana na ule Ubao maishani mwangu. Nimeupaka rangi, nimeukinga na jua, lakini sijawahi kuujibu. Nikaujibu.

"Akiwa njiani ni hali ya hewa," nikasema. "Akishakata tiketi ni mteja."

 Herufi za Ubao zilianza kutembea, za juu zikashuka, za chini zikapanda kuuliza.

"Mteja ana tiketi?"

Wingu likaionyesha.

"Na kimo?"

"Umempima mwenyewe."

"Kama huyu ni mteja," Ubao ukasema polepole, "hali ya hewa iko wapi?"

Sote tukaangalia juu. Hakukuwa na kitu. Bluu tupu kutoka Uluguru mpaka relini.

"Hali ya hewa haipo," Ubao ukakiri. "Uwanja uko wazi."

Wingu halikuhitaji kushushiwa kiti. Likapaa, likakaa namba saba kule juu, likajifunga chuma cha usalama mara mbili. Gurudumu likaguna, likajaribu mizani.

"Upande wa Mama Zena ni mwepesi."

"Una kilo ngapi?" Mama Zena akalipigia Wingu kelele.

Wingu likaona haya. "Inategemea kama nimeshanyesha."

"Usinyeshe sasa. Jizuie."

"Najizuia, mwanangu. Ila ni nyingi kwa mtu mmoja."

"Basi na apande mwingine," Gurudumu likasema.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwingine ni mimi. Nikasema siwezi, nani atashika swichi. Gurudumu likaniambia, bila hasira, kwamba linajua kuzunguka. Likasema miaka yote hii limekuwa likinisubiri nibonyeze kwa heshima tu. Niliumia kidogo, siwezi kuficha, kisha nikapanda na kukaa pembeni ya mke wangu. Hakusogea kunipisha. Sikutaka asogee.

Mizani ikakataa tena, safari hii sisi ndio wazito. Nina kilo sabini na moja. Wingu likaangalia pipa la maji tunaloweka kwa ajili ya moto, likaomba ruhusa, likanywa lita thelathini kwa mkupuo, lita moja kwa kila kilo tuliyozidi, likajifuta mdomo.

"Sawasawa," Gurudumu likasema, na likaanza kuzunguka.

Tunapanda. Mama Zena ameshika chuma kwa mikono yote miwili. Namwambia sharti la sita, usitoe mikono nje, namwambia na siri ya kazi, kwamba wakati wa kushuka unatanguliza mguu wa kushoto na uso unaelekea kiti, si uwanja. Anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Robo ya njia tunapita jikoni kwetu. Wageni wa pilau wa miaka yote wamekaa kwenye mkeka na sahani zao, wanatutazama kwa matumaini.

"Jipakulieni," Mama Zena anawaambia, bila kushuka.

Wanatazamana. Mmoja anainuka kutafuta upawa. Sisi tunaendelea kupanda, na harufu ya iliki inatusindikiza kidogo kisha inarudi kwao.

Juu kabisa Gurudumu likasimama lenyewe. Huwa nalisimamisha pale kwa wachumba tu.

Mji wote ulikuwa chini yetu. Reli, soko, misikiti, barabara ya Iringa, na mabati, mabati kila mahali. Mama Zena aliutazama mji upande mmoja, kisha upande wa pili. 

"Kumbe tunakaa pazuri," akasema.

"Nilikuwa nakuambia."

"Ulikuwa unasema unaona mbali. Hukusema unaona nini." Akanyoosha kidole, kisha akakumbuka sharti la sita, akakirudisha ndani na kunielekeza kwa kidevu. "Ile si bati letu?"

Lilikuwa letu, na tangi letu la maji juu yake, pale pembeni. Na nyuma ya tangi, mahali ambapo mtu aliyesimama chini hawezi kupaona hata akipanda kiti, kulikuwa na kitu cha bluu, cha mviringo, kimekaa kwa starehe zake.

"Beseni langu," Mama Zena akasema.

"Upepo wa siku ile."

"Na mimi nimemnunia Mama Pili miezi miwili." Akaanza kucheka. Mke wangu akicheka sana hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanafanya kazi, na kiti chetu kikaanza kubembea. Na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha, ile furaha ya tumboni, ya kushiba.

Kutoka chini, ambako sasa ndiko kiti cha saba kilikokuwa, Wingu likatuita.

"Mama Zena! Kumbe nyumba zenu zina milango!"

"Zina milango, ndiyo!"

"Mimi miaka yote naona mabati! Mmeipaka rangi! Kuna wa kijani! Kuna mtu kaweka ua kwenye kopo!"

"La kwetu hilo!"

Nadhani Wingu lilikuwa linaangalia lile kopo. Na sisi tukaangalia mabati, ambayo Wingu lilikuwa limeyachoka. Tiketi ni ya mizunguko mitano. Tulizunguka mitano yote, sisi tukienda juu lenyewe linakwenda chini, na kila tulipopishana katikati tulipungiana, ndani ya kiti, kwa mujibu wa sharti.

Kwenye mzunguko wa nne nikamuuliza mke wangu.

"Jana, nilipofunga mnyororo, ulisema haya. Ilikuwa haya ya namna gani?"

"Ilikuwa haya ya mtu aliyechoka kusubiri."

"Na sasa?"

"Sasa nimekaa," akasema, na akaegemea.

Mzunguko wa tano ulipokuwa unaisha, nikasikia kitu kama kwikwi. Wingu lilikuwa limeshindwa kujizuia. Lilikuwa linacheka, au linalia, kwa wingu ni kitu kimoja, na maji yalikuwa yanamwagika kutoka kiti cha saba, matone makubwa ya uvuguvugu. Kadiri lilivyomwaga ndivyo lilivyokuwa jepesi, na kadiri lilivyokuwa jepesi ndivyo kiti chetu kilivyoshuka, taratibu, bila mota, mpaka miguu yetu ikagusa udongo.

"Hali ya hewa mbaya," Ubao ukatangaza. "Tunafunga mapema."

"Haya," Mama Zena akasema. Ilikuwa haya tofauti kabisa, hata Ubao uliisikia. Akashuka, mguu wa kushoto mbele, uso kwenye kiti, vizuri kuliko wateja wengi niliowahi kuwashusha. Wingu likapita juu yetu likiwa limebaki kidogo tu, jepesi kama pamba ya mto, na tiketi yake ikiwa bado mkononi.

"Naenda kuwaonyesha wenzangu," likasema.

Nikaamka.

Palikuwa pameshapambazuka. Mvua nyembamba ilikuwa juu ya bati, imekaribia kuisha. Upande wa Mama Zena kitandani ulikuwa mtupu na baridi. Nililala kidogo nikitazama dari, nikiwa na furaha yangu ya tumboni, kisha ikaanza kunitoka, kwa sababu nilikumbuka kwamba leo tunafungua nati, na kwamba kwa kweli mke wangu hakupanda popote.

Juu ya kichwa changu bati likalia. Kisha likalia tena, hatua mbili kulia.

Nikatoka nje na shuka langu. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na haikuwa ngazi yetu, sisi hatuna ngazi. Chini yake Mama Pili alikuwa ameishika kwa mikono miwili, khanga kichwani kwa ajili ya mvua, na uso wa mtu aliyefuatwa alfajiri, akaombwa radhi, akakubali.

"Habari za asubuhi, Baba Zena," akasema.

"Nzuri. Kuna nini?"

"Na mimi sijui. Nimegongewa tu."

Mama Zena alikuwa juu ya bati, kavaa viatu vyake vya kufunga. Hakuwa anatafuta kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye tangi, akapitisha mkono nyuma yake bila kuchungulia, akatoa beseni la bluu. Akamwaga maji ya mvua yaliyokuwa ndani, akalitikisa, akalitia kwapani.

"Mama Zena," nikamwita. "Nani kakuambia liko huko?"

Akanitazama kutoka juu kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake mwenyewe.

"Aniambie nani," akasema, "na tumeliona wote?"

Kisha akaigeukia ngazi, akatanguliza mguu wa kushoto, uso kwenye bati, akaanza kushuka.